Maswali ya Wasomaji: Usukani Unaokuwa Mzito Asubuhi za Kipupwe

Tangu kipupwe kianze, barua kutoka Mwanza, Sengerema, Magu na hata Bukoba zinauliza jambo lilelile: usukani mzito alfajiri, mwepesi jua likishapanda. Tumechagua zenye visa vinavyotofautiana.

Kwanza tuweke sawa suala la baridi lenyewe. Mwanza ipo kama mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai joto hushuka hadi nyuzi 15 au 16 hivi. ATF, ile oili nyekundu inayotumika kwenye pawa steringi (mfumo unaokusaidia kuzungusha usukani) za Toyota nyingi, hupimwa unene wake hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwa hiyo ushauri wa kutoka Kanada, wa kuliacha gari lingurume dakika kumi kabla ya kuondoka, waachieni wenyewe. Pawa steringi nzima haitakiwi kuhisi nyuzi 15. Ukiona yako inazihisi, kuna kasoro ambayo joto la mchana linaificha, na ni nafuu kuitafuta sasa kabla pampu haijafa.

Habari za kazi mafundi. Nina Carina Ti. Nikiwasha saa kumi na mbili asubuhi hapa Igoma, usukani ni mzito na kuna mngurumo kila nikikata kona. Nikifika Mabatini mngurumo umeisha na usukani umelegea. Fundi wangu anasema pampu imekwisha, ninunue ya mtumba. Ni kweli? — Msomaji, Igoma

Salama, ndugu. Usinunue pampu bado. Dalili unazoeleza mara nyingi zinaanzia kabla ya pampu, upande inakovutia oili.

Pampu ina pande mbili. Upande wa kusukuma una nguvu kubwa. Kwenye magari madogo ya Toyota presha hufika kama bar 65 hadi 80. Upande wa kuvuta ni dhaifu, kwa kuwa oili inashuka tu kutoka kwenye kopo kupitia mpira mnene na kuingia. Sasa ATF iliyo na nyuzi 15 ni nzito zaidi ya mara mbili kuliko ikiwa na nyuzi 40. Njia ikiwa safi, inapita bila shida. Njia ikiwa imebanwa na uchafu, pampu inavuta na haipati, vipovu vinazaliwa ndani ya oili na kupasuka, na huo ndio mngurumo unaousikia. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi, inapita palepale penye uchafu, sauti inapotea. Kasoro iko palepale, na kila asubuhi vile vipovu vinakwangua mabapa ya ndani ya pampu.

Fanya hivi. Asubuhi kabla ya kuwasha, fungua kifuniko cha kopo. Usawa usome kwenye alama ya COLD. Wengi hujaza hadi HOT gari likiwa la baridi, kisha oili inafurika na watu wanadhani kuna uvujaji. Dondosha tone moja kwenye tishu nyeupe. Nyekundu angavu ni nzima. Kahawia yenye harufu ya kuungua imechoka. Nyeusi yenye chembechembe ina maana mpira fulani unaliwa kwa ndani. Kisha mtu awashe gari na kuzungusha usukani taratibu, wewe ukimulika tochi ndani ya kopo. Ukiona povu au vipovu vidogo vinarudi, hewa inaingia. Usipoona povu na mngurumo upo, shuku chujio.

Chujio ni wavu mdogo chini ya kopo, na kwenye makopo mengi hautoki. Ng'oa kopo zima, lioshe kwa petroli, lipulize hewa kutoka chini kwenda juu mpaka wavu upitishe mwanga kote, likauke kabisa kabla ya kulirudisha. Wavu ukiwa umechanika, badilisha kopo. Usiutoboe ili oili ipite, maana uchafu wote utahamia kwenye pampu na reki, yaani chombo kinachogeuza magurudumu unapokata usukani.

Kama ni hewa, angalia mpira wa kuvuta na klampu zake, halafu oringi (pete ya raba ya kuziba) iliyopo pale bomba la kuvuta linapoingia kwenye pampu. Oringi hii mafundi wengi huikosa, kwa sababu ikikakamaa haivujishi tone: upande huo unavuta, kwa hiyo hewa inaingia na oili haitoki. Asubuhi raba ikiwa ngumu inapitisha, mchana ikilainika inaziba. Ni kitu cha bei ndogo sana ukilinganisha na pampu. Chukua ya zamani dukani ulinganishe kipimo, omba ya kustahimili oili, ipake ATF kabla ya kuifunga. Mpira wa kuvuta nao uwe wa oili. Wa maji ya rejeta utalainika na kujikunja ndani kwa ndani.

Mkanda pia una lawama zake, ila sauti yake ni nyingine, ni ya kupiga kelele kali na wala haingurumi. Ukiubonyeza kwa kidole gumba katikati ya puli mbili, ubonyee kama milimita 10. Uliong'aa kama kioo upande wa ndani unateleza, ubadilishe. Usiukaze kupita kiasi kwa kudhani ndiyo tiba, maana utaua beringi ya pampu.

Jambo la mwisho kwako: je, uzito ni sawa ukikata kulia na kushoto? Pampu haijui kulia wala kushoto. Uzito ukiwa wa upande mmoja, tatizo lipo kwenye valvu ya reki. Ndani ya valvu kuna pete za kuziba; zikilika, au nyumba yake ikichimbika mifereji, oili ya baridi inapenya pembeni, na pete zikipata joto zinatanuka na kuziba. Magari ya General Motors ya miaka ya 1980 yalijulikana sana kwa kasoro hii. Tiba yake ni kufungua reki au kuibadilisha. Hakuna oili ya chupa itakayoirekebisha.

Pampu ihukumiwe mwisho, kwa geji ya presha. Fundi anayepima afunge valvu ya geji kwa muda usiozidi sekunde 10, la sivyo ataiua pampu katika kupima.

Mafundi, nabeba dagaa kwa Fuso kutoka Mwaloni Kirumba kwenda Njombe na kurudi na viazi. Njiani oili ya pawa steringi ilipungua, tukajazia oili ya injini namba 40. Mpaka Iringa gari lilikuwa sawa. Asubuhi Njombe, umande umeganda kwenye majani, usukani haugeuki kwa mkono mmoja na mpira wa kurudisha oili ukachomoka. Je, nibadilishe boksi la steringi? — Dereva, Kirumba

Pole, ndugu dereva. Boksi, ambalo kwenye lori hufanya kazi ya reki, huenda ni zima. Kilichokukwamisha ni hiyo namba 40.

Kwenye nyuzi 40 za joto, oili ya injini namba 40 ni nzito takriban mara nne kuliko ATF. Hapo ni mchana. Baridi ikizidi pengo linazidi kupanuka, kwa sababu oili ya namba moja tu, isiyo na herufi W, haikutengenezwa kutiririka kwenye baridi. Njombe ipo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Julai alfajiri inakaribia sifuri. Oili hiyo ikashindwa kupita kwenye mpira wa kurudisha, ambao haukutengenezwa kwa presha kubwa na umeshikwa na klampu tu, ndiyo maana ukachomoka.

Isafishe yote. Kwanza soma kifuniko cha kopo au kitabu cha gari. Malori mengi ya Kijapani ya rika hilo yanataka ATF. Inua ekseli ya mbele, weka stendi imara chini yake, ziba magurudumu ya nyuma kwa magogo. Usitegemee jeki peke yake hata kwa dakika moja. Ng'oa mpira wa kurudisha pale unapoingia kwenye kopo, ziba tundu la kopo kwa kizibo, na ncha ya mpira iingie kwenye dumu linaloonyesha ndani. Injini ikiwa imezimwa, mmoja azungushe usukani taratibu kutoka mwisho hadi mwisho, mwingine ajaze ATF mpya kwenye kopo bila kuruhusu liwe tupu. Endelea hadi inayotoka iwe nyekundu safi. Pima kilichotoka dumuni ili ujue gari lako linakula kiasi gani. Gari dogo huchukua kama lita 1, na kuisafisha vizuri kunahitaji lita 2. Lori linataka zaidi, kwa hiyo nunua ya ziada kabla ya kuanza.

Rudisha mpira kwa klampu mpya. Sasa ni kutoa hewa, na hapa ndipo watu wanaharakisha. Magurudumu yakiwa bado hewani na injini imezimwa, zungusha mwisho hadi mwisho mara 20 taratibu, ukijaza kila oili inaposhuka. Ndipo uwashe, injini ikae bila kukanyaga mafuta, zungusha tena mara tano au sita bila kushikilia mwishoni. Oili ikiwa nyeupe kwa povu, zima na uiache itulie saa kadhaa, vipovu vipande juu vyenyewe. Kwenye Toyota ndogo kuna kipimo kizuri cha kumalizia: injini ikizimwa, usawa wa oili koponi usipande zaidi ya milimita 5. Ukipanda zaidi, hewa bado ipo.

Baki la namba 40 litakuwa limejificha kwenye boksi, kwa hiyo rudia kusafisha baada ya safari moja. Na tafuta ilikovuja mara ya kwanza, maana mfumo huu hauli oili kama injini. Ikipungua, imetoka mahali.

Kuna kosa baya kuliko lako ambalo tunaliona kwenye barua nyingine: kujazia oili ya breki. Ile ina asili ya glaikoli, na sili za pawa steringi ni za oili ya madini. Zinavimba, zinalainika, na baada ya muda pampu na reki vinavuja kwa pamoja. Aliyeweka asiwashe gari. Anyonye kopo kwa bomba kubwa la sindano, kisha asafishe mfumo kama tulivyoeleza. Wenye Honda watumie oili ya Honda ya pawa steringi. Wenye BMW, Mercedes-Benz na Volkswagen wasome kifuniko kwanza, kwani baadhi yake yanatumia oili ya kijani ya sintetiki isiyotakiwa kuchanganywa na nyekundu.

Oili chafu iliyotoka irudi kwenye dumu lake, ifungwe, ipelekwe kwenye gereji yenye pipa la oili chafu. Tunaomba hili kwa dhati. Mfereji wa mtaani unaingia Mto Mirongo, Mirongo unaingia ziwani, na maji ya bomba ya Mwanza yanavutwa kutoka ziwa hilohilo, yakiwemo ya pale Capri Point.

Shikamooni mafundi. Mimi ni mwalimu, naishi Nyakato, nina Toyota IST. Asubuhi za baridi taa ya P/S inawaka na usukani unakuwa mgumu kabisa. Nikizima na kuwasha tena inapona. Fundi wa jirani anataka kunijazia oili ya steringi lakini anasema haoni kopo lake. — Msomaji, Nyakato

Marahaba, mwalimu. Haoni kopo kwa sababu halipo. IST, Passo na Vitz nyingi zina mota ya umeme kwenye mhimili wa usukani; hakuna pampu, hakuna mkanda wake, hakuna oili. Akiendelea kulitafuta ataishia kumimina kwenye kopo la kitu kingine.

Kwako anza na betri. Mota hii gari likiwa limesimama inaweza kuvuta makumi ya ampea, tena dakika ileile ambayo betri imetoka kuzungusha stata. Betri iliyochoka hutoa nguvu kidogo zaidi ikiwa ya baridi. Volti zikishuka, kompyuta ya steringi inakata msaada na kuwasha taa. Ukizima na kuwasha upya volti zimeshapanda, ndiyo maana inapona.

Pima asubuhi kabla ya kuwasha: volti 12.6 ni nzima, 12.2 ni nusu. Ukiwasha, chaji iwe kati ya 13.8 na 14.5. Ikiwa chini ya hapo, tatizo ni alteneta au mkanda wake. Kisha tamino: zenye unga mweupe zifunguliwe, hasi kwanza, zisuguliwe kwa brashi na maji ya moto, zikaushwe, zikazwe. Waya wa hasi ufuatwe hadi unapofungwa kwenye bodi. Kutu pale inatosha kuleta haya yote.

Betri na chaji vikiwa sawa na taa ikaendelea, tafuta mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya steringi, siyo ya injini tu. Huenda ni sensa inayopima nguvu ya mkono wako kwenye usukani. Mhimili ukibadilishwa, lazima fundi aweke upya sifuri ya sensa kwa mashine, vinginevyo gari litavuta upande mmoja.

Taa ikiwaka kwa sekunde chache unapofungua swichi, na kuzimika injini ikiwaka, hiyo ni kawaida.

Napeleka wageni kwa Land Cruiser Hardtop kutoka Mwanza kupitia geti la Ndabaka hadi Ngorongoro. Juu ukingoni asubuhi usukani ni mzito, ila pampu haina sauti na oili ni safi. — Dereva wa utalii, Mwanza

Inua mbele, zima injini, zungusha usukani kwa mkono. Ukiwa mzito hata hivyo, uachane na pampu: tatizo ni la vyuma. Kwenye Hardtop shuku nako za ekseli ya mbele, yaani viungo ambavyo magurudumu hugeukia. Ndani yake kuna beringi za juu na chini zinazokazwa kwa shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi) na kuogelea kwenye grisi. Grisi iliyozeeka ikachanganyika na vumbi au maji inakuwa nzito kwenye baridi ya mita 2,300, na shimu zikikazwa kupita kiasi hali inazidi. Fungua, osha, paka grisi mpya ya molibdenamu, kaza kwa kipimo cha kitabu. Tazama pia msalaba wa shafti ya usukani. Ukipata kutu unakwama sehemu moja ya mzunguko.

Usukani ukiwa mwepesi hewani, pima matairi kabla hayajatembea. Kila nyuzi 10 zinaposhuka, tairi hupoteza takriban psi moja na nusu hadi mbili. Yaliyojazwa Mwanza saa nane mchana hayatakuwa na kipimo kilekile ukingoni alfajiri.

Carina yangu inapoteza oili ya steringi lakini chini ya gari pakavu. Asubuhi inatoa moshi mweupe, na nikikata kona injini inataka kuzima. — Msomaji, Magu

Oili yako inaunguzwa na injini. Pampu nyingi za Toyota za rika hilo zina valvu ndogo yenye vimpira viwili vyembamba. Kazi yake ni kuipa injini hewa ya ziada unapokata kona, isizimike. Ndani yake ikichakaa, ATF inanyonywa kupitia kimpira kwenda kwenye manifoldi (njia ya hewa ya kuingia kwenye injini) na kutoka kama moshi. Watu wameshafungua injini na kubadilisha pete za pistoni kwa kasoro hii, inatia uchungu.

Chomoa kimpira kimoja kwenye valvu. Kikiwa na unyevu mwekundu ndani, umeipata. Kwa muda ziba ncha zote mbili za vimpira kwa bolti ndogo na klampu, kisha badilisha valvu. Ukiwa umeziba, injini itaendelea kushuka mzunguko ukikata kona, hilo livumilie hadi spea ipatikane.

Hiace yetu inaoshwa kila siku kwa presha. Oili ya steringi imekuwa kama chai ya maziwa. — Kondakta, Buhongwa

Maji yameingia, karibu kila mara kupitia kifuniko cha kopo chenye raba iliyopasuka. Oili yenye maji hailainishi na inaleta kutu kwenye pampu, kwa hiyo msisubiri. Badilisheni raba ya kifuniko, safisheni mfumo mara mbili siku mbili tofauti, na mwoshaji afunike kopo kwa mfuko wa plastiki.

Kila asubuhi napanda kivuko cha Kamanga na kupangwa kwenye nafasi finyu, nakunja usukani mpaka mwisho gari likiwa limesimama. Kuna madhara? — Msomaji, Sengerema

Yapo. Usukani ukifika mwisho, pampu inafikia presha yake ya juu kabisa, valvu ya usalama inafunguka, na oili inazunguka ndani ya pampu peke yake ikichemka. Kwa gari lililowashwa sasa hivi, presha hiyo yote inakwenda kwenye mipira iliyokakamaa. Usishikilie mwisho zaidi ya sekunde 5. Ukigusa mwisho, rudisha usukani kidogo, kama upana wa vidole viwili, presha inashuka papo hapo na gurudumu linabaki limekata karibu vilevile. Liache gari litambae kidogo huku unakunja, badala ya kusaga tairi kwenye chuma cha kivuko. Na washa gari dakika moja kabla ya zamu yako ya kupangwa, ukizungusha nusu kulia na nusu kushoto mara mbili tatu, oili ipite kwanza.